Zefe Moja, Simu Nne: Jinsi Video Inavyompimia Kila Mtu Fungu Lake

Mfungo Sita uliopita, siku ya zefe, yale maandamano ya Maulidi, nilisimama ukingoni mwa pwani ya Amu, yaani Lamu, na simu mkononi, narusha laivu. Twari, yaani matari, zinalia, vijana wamepanga safu mbili, kanzu nyeupe, kofia za vito, bakora mikononi. Nilijiona nimekamilisha kila kitu. Simu ilikuwa ya mpwa wangu, yenye kamera nzuri; laini ilikuwa na data ya kutosha; kiungo nilikuwa nimewatumia jamaa wote tangu alfajiri. Tulipitisha matangazo kwenye seva ndogo ya kukodi, yaani kompyuta ya mbali inayowagawia watu video, kwa kiwango kimoja tu: picha ya 720p, megabiti 2.5 kwa sekunde. Niliwachagulia kilicho kizuri, nikaamini kila mtu atakipata.

Baada ya Isha simu zikaanza kuingia. Kakangu aliye Faza, kisiwani Pate, alipata picha tatu nne, kisha kile kiduara kikazunguka mpaka akachoka. "Mimi sikutaka hata kuona," aliniambia. "Nalitaka kusikia qasida tu." Mpwa wetu aliye Mombasa aliona vizuri sana, lakini bando lake la GB 1 likakata dakika ya 53, dua haijaanza. Mwana wa ami yangu, binti ambaye ni kiziwi tangu utotoni, aliitazama zefe yote na mawaidha yote yaliyofuata, na katika mawaidha hayo hakupata hata neno moja. Bibi yetu alikuwa karibu kuliko wote, nyumbani mtaa wa Mkomani papa hapa Amu, na sauti ilimfikia safi. Ila ana mtoto wa jicho, na kila dakika alikuwa akiwauliza wajukuu: "Nambia, nani yuko mbele?"

Tangazo lilikuwa moja, kasoro nne, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Tangu siku ile nimekaa na jambo hili nikilisoma na kulijaribu, na nataka kulieleza hapa kwa sababu wengi wetu tunadhani ni suala la kasi ya intaneti peke yake. Kasi ni sehemu moja, na ndiyo sehemu ambayo mashine zimeshajifunza kuishughulikia vizuri. Sehemu zilizobaki zinamngoja anayerusha.

Uzito wa picha

Tuanze na hesabu. Picha moja ya 720p ina pikseli, yaani nukta za rangi, 1,280 kwa upana na 720 kwa urefu, yaani pikseli 921,600. Kila pikseli ikibeba rangi zake tatu kwa baiti moja moja, picha hiyo moja ni kama MB 2.8. Video huonyesha picha kama 30 kila sekunde. Kwa hivyo sekunde moja ya zefe, ikiachwa ilivyo, ingekuwa na uzito wa MB 83, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, njia ya kuipitisha ingehitaji zaidi ya megabiti 660 kwa sekunde. Mimi niliituma kwa 2.5. Zaidi ya sehemu 260 zilibanwa mpaka ikabaki moja, na watu bado waliona zefe.

Kubana huko ndiko kazi ya kodeki, ule utaratibu wa kuibana video inapotumwa na kuifungua inapofika. Mzizi wake mkubwa ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, India, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Walionyesha namna ya kuikata picha vipande vidogo, kwa mfano pikseli 8 kwa 8, na kukieleza kila kipande kwa mawimbi badala ya nukta. Mawimbi mapana hubeba umbo, mawimbi membamba hubeba vijimambo vidogo, na jicho la binadamu halivioni vyote hivyo vidogo. Basi vinatupwa. Rangi nazo hupunguzwa kuliko mwanga, kwa kuwa jicho hushika mwanga kuliko rangi.

Halafu kuna akiba kubwa zaidi: kutotuma tena kilichokwisha kutumwa. Nyuma ya vijana wa zefe kulikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe ambao haukusogea hata chembe. Kodeki huutuma mara moja, kisha inasema "ukuta ni ule ule" na kutuma tu mabega yanayoyumba na bakora zinazopanda. Kila baada ya sekunde kadhaa inatuma picha nzima upya, ili anayeingia katikati apate pa kuanzia. Jambo hili la picha nzima tulishike, tutalirudia.

Kodeki ya H.264 ilitoka mwaka 2003 na mpaka leo karibu kila simu inaifungua. HEVC ikaja 2013, AV1 ikaja 2018, na kila moja ilinuia kubana zaidi sana kwa ubora ule ule. Kwa nini basi tusitumie mpya pekee? Kwa sababu simu ya zamani isiyo na chipu ya kuifungua AV1 itajitahidi kwa nguvu zake zote, itakuwa moto kiganjani, na chaji itaisha kabla ya tangazo. Unaona tayari: hata kabla ya kuuliza mtandao ukoje, inatakiwa ujue mtu ameshika simu gani.

Nahodha na maji ya Mkanda

Anayetoka Amu kwenda Faza kwa mashua hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa, chombo hupita na shehena yake. Yakipwa, nahodha hungoja, au hupunguza mzigo ili chombo kielee juu zaidi. Hakuna nahodha anayepakia bila kuuliza maji yako wapi.

Mimi nilituma shehena moja kwa kila mlango. Wanaojua kazi hii hawafanyi hivyo. Wanaitengeneza video ile ile mara nyingi, kwa mizigo tofauti: 1080p kwa megabiti 5, 720p kwa 2.5, 480p kwa megabiti 1 hivi, 240p kwa kilobiti 300, na mwisho sauti peke yake. Wao huiita ngazi. Kisha kila kidato hukatwa vipande vifupi vya sekunde chache, mara nyingi kati ya 2 na 10, na kila kipande huanza na ile picha nzima niliyoitaja, ili uweze kuruka kutoka kidato kimoja hadi kingine bila picha kuvunjika. Pamoja na vipande huwekwa faili dogo la maandishi, orodha ya shehena: vidato ni hivi, vipande viko hapa, kila kimoja kinahitaji njia ya upana huu. Apple walianzisha mtindo wao, HLS, mwaka 2009. Mwaka 2012 ukatoka mtindo wa kimataifa, MPEG-DASH. Video nyingi unazotazama leo hufika kwa mmoja wa mitindo hiyo au kwa wazo hilo hilo.

Jambo ambalo watu hulikosea ni hili: seva haichagui kitu. Seva ni ghala tu. Anayechagua ni programu iliyo ndani ya simu yako. Inasoma orodha, inaomba kipande kimoja, inapima kilichukua muda gani kufika, kisha inaamua kipande kinachofuata kiwe kizito au chepesi. Nahodha yuko upande wa anayepokea, mahali maji yanapoonekana.

Nahodha huyo ana msaada. Nyumba za kale za Amu zina birika msalani, na ndani yake hufugwa samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu. Maji huingia kwa vipindi na wewe huteka kwa kata wakati wowote. Mradi birika lina maji, hujali kama kisima kimechelewa. Simu nayo ina birika la video, sekunde 20 au 30 za mbele ambazo zimeshafika na hazijaonyeshwa. Mtandao ukikatika sekunde 10, hujui. Kile kiduara alichokitazama kakangu maana yake ni moja tu: birika limekauka.

Kwa muda mrefu programu zilipima kasi ya jana ili kubashiri ya leo, na kasi ya simu inadanganya. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Netflix walichapisha njia iliyo nyepesi zaidi: usibashiri kasi, tazama birika. Likijaa, panda kidato, likipungua, shuka. Walipoijaribu kwa watazamaji halisi, kukwama kulipungua kwa asilimia 10 hadi 20, na ubora wa picha ukabaki karibu ule ule. Nalipenda jibu hili, kwa sababu linaangalia kile ambacho mtazamaji ataumia nacho hasa.

Kasi yenyewe kwa nini inapanda na kushuka? Kwetu sababu ziko nyingi. Kuta za nyumba za mawe ni nene, na ukiingia ndani kabisa simu hupoteza mnara; ndiyo maana utawaona vijana wamekaa dakani au wamepanda juu ya paa wakati wa laivu. Lakini sababu kubwa ni msongamano. Simama kwenye kichochoro cha Langoni wakati punda wawili wenye mawe wanakutana. Mchukuzi anapiga kelele "Simile!", watu wanajibanza ukutani, na kila aliye nyuma anasimama. Intaneti iliwahi kukwama hivyo hivyo. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, kama mita 370 tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kila mashine iliyokosa jibu ilikuwa inatuma tena na tena, na kila kutuma tena kukazidi kuziba njia. Van Jacobson aliandika mwaka 1988 jinsi ya kuponya: mashine ianze polepole, iongeze kidogo kidogo, na ikikosa jibu ipunguze nusu na kungoja. Adabu hiyo ya kupishana ingali ndani ya TCP, kanuni ambazo mashine hutumia kutumiana data, hadi leo. Ndiyo inayofanya kasi yako ipande na kushuka watu wote wa mtaa wanapofungua simu baada ya Isha.

Kwa hiyo kasoro ya kakangu ilikuwa na dawa tangu 2009. Tungeweka ngazi, simu yake ya Faza ingeshuka vidato mpaka vya chini, na angalau angesikia.

Gharama ya birika ni kuchelewa. Vipande vya sekunde 6, na programu ikiweka vitatu kabla ya kuanza, basi unayoyaona yalitokea sekunde 18 zilizopita au zaidi. Kwa zefe haidhuru. Kwa simu ya video inadhuru, kwa sababu watu wawili wanaozungumza hawawezi kungojeana hivyo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ndiyo sababu satelaiti za zamani, zilizo kilomita 35,786 juu, zilifanya mazungumzo yawe mazito: kupanda na kushuka peke yake ni karibu milisekunde 240. Zile za Starlink, zilizoanza huduma Kenya mwaka 2023, ziko chini ya kilomita 600, na tofauti hiyo unaisikia. Simu za video hazina birika la maana. Kipande kilichochelewa hutupwa, na mazungumzo yanaendelea.

Yale ambayo mashine haiyaoni

Hapo ndipo maelezo mengi ya mambo haya huishia, na ndipo mimi naona kazi inaanza. Ngazi niliyoieleza imejengwa juu ya dhana moja: kwamba kila mtu anataka kitu kile kile, ila njia zao zinatofautiana upana. Kwamba ukimpunguzia, umempunguzia uzuri tu. Kwa jamaa zangu wanne dhana hiyo ilikuwa kweli kwa mmoja, na hata kwake si sana.

Mchukue mpwa wetu wa Mombasa. Mtandao wake ulikuwa mzuri, kwa hivyo hata kama ningeweka ngazi, simu ingepanda mpaka juu na bando lingeisha mapema zaidi. Programu hupima upana wa njia, haipimi mfuko. Saa moja ya megabiti 5 kwa sekunde ni GB 2.25. Saa moja ya 240p kwa kilobiti 300 ni MB 135. Saa moja ya sauti nzuri ya maneno, kwa kodeki ya Opus iliyokubaliwa kuwa kawaida mwaka 2012, kilobiti 24 kwa sekunde, ni MB 10.8. Na maandishi ya yote yaliyosemwa katika saa hiyo, pamoja na nyakati za kuyaonyesha, ni kama KB 100 tu. Zirudie namba hizo. Kati ya juu kabisa na maandishi kuna tofauti ya zaidi ya mara 20,000, na ujumbe wa mawaidha, maana yake hasa, umo katika zile KB 100. Mtu anayenunua data ya shilingi 20 ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajabonyeza, kisha achague mwenyewe.

Sasa binti wa ami. Huyu ndiye aliyenifanya niandike.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kumweka mkalimani wa lugha ya ishara kwenye pembe ya picha, kama tunavyoona kwenye taarifa za habari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Kenya ya 2003 iliviagiza vituo vya televisheni kuweka mkalimani au maandishi kwenye habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa, na Katiba ya 2010, ibara ya 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kwa televisheni, pembe ile inatosha kiasi. Kwa simu ya Faza, fanya hesabu. Kidato cha 144p, kilicho chini hata ya 240p, kina pikseli 256 kwa 144. Mkalimani akipewa robo ya upana na robo ya urefu, amebaki na pikseli 64 kwa 36. Uso wake hauzidi pikseli 10. Vidole havipo. Na lugha ya ishara haisemwi kwa mikono peke yake: nyusi zikipanda ni swali, mdomo unatofautisha maneno, na watafiti waliofuatilia macho ya viziwi wameona kwamba muda mwingi wao hutazama uso wa anayeongea. Yaani mtandao unapodhoofika, sisi tunaosikia tunapoteza uzuri wa picha, yeye anapoteza lugha.

Kuna la pili, lililo zito zaidi. Njia ya haraka ya kupunguza mzigo wa video ni kupunguza idadi ya picha kwa sekunde. Ukuta wa matumbawe hauhisi. Mkono unaopita hewani kwa kasi unakuwa ukungu, au unaonekana hapa kisha kule bila mwendo wa katikati, na mwendo huo wa katikati ndio neno. Mwaka 1999 umoja ule ule wa mawasiliano ulitoa mwongozo mahsusi wa simu za video kwa lugha ya ishara na kusoma midomo, ukahimiza picha 20 au zaidi kwa sekunde. Kwa kiziwi, afadhali picha iwe na chenga na isikatike mwendo. Kwa anayetazama mchoro wa ramani ni kinyume chake: afadhali picha moja kwa sekunde, ila herufi zisomeke. Mtandao ni ule ule na upungufu ni ule ule, lakini kila mmoja anataka kupunguziwa kitu kingine.

Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwahi kuwa na mradi uitwao MobileASL, wa kupitisha lugha ya ishara kwenye mitandao dhaifu ya simu za wakati huo. Walichofanya kilikuwa cha busara: waliifundisha kodeki itumie biti nyingi kwenye uso na mikono na chache kwenye ukuta ulio nyuma. Na mtu akiacha kuashiria akawa anamtazama mwenzake tu, picha kwa sekunde hupungua ili chaji ibaki. Hawakuongeza upana wa njia hata kidogo. Walijua tu ni nini kisichotakiwa kupotea.

Hilo ndilo swali ninalotaka kila anayerusha alijibu kabla ya kufungua kamera: kwa huyu mtu, ni nini kisipotee?

Ukishajibu, ufundi unakuwa mwepesi kuliko unavyodhani. Usivichanganye vitu. Ukimchoma mkalimani ndani ya picha, umemfunga humo. Akipungua mmoja wamepungua wote. Mtume kama video ya pili, ili anayemhitaji amfungue kwenye skrini nzima. Maandishi usiyachome kwenye picha. Yatume kama maandishi. Yaliyochomwa hayasomeki kwenye 240p, na mzee hawezi kuyakuza. Yaliyo peke yake, yale ya KB 100, hufika hata pale video inapokataa kabisa, na kila mtu huyafanya makubwa anavyotaka. HLS na DASH zote zinaruhusu sauti kadhaa na maandishi kadhaa chini ya tangazo moja. Mlango upo wazi miaka mingi, sisi ndio hatuingii.

Maandishi yenyewe yana tatizo letu wenyewe. Zipo mashine za kugeuza sauti kuwa maandishi, na Kiswahili sanifu zinakifuata kwa kiasi. Kiamu, lahaja yetu ya Amu, zinakikosa. Shehe akisema ndia, mashine haijui ni njia. Akisema yana, haijui ni jana. Akimwita mtu "Ndoo!", yaani njoo, inaandika ndoo, na msomaji anaona chombo cha kutekea maji. Mato, yaani macho, yanakuwa mto au moto. Mawaidha ya saa moja yaliyopita kwenye mashine peke yake yanamfikia kiziwi yakiwa yamevunjwa, naye hana sauti ya kusahihishia; atadhani shehe ndiye aliyesema hivyo. Kwa hivyo lazima awepo mtu wa Amu, ameketi na kibodi, anarekebisha. Kuchelewa kwa lile birika la sekunde 18 hapa kunageuka kuwa neema: ni sekunde za kusahihisha.

Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, toleo la 2.0 la mwaka 2008, iliweka maandishi ya video zilizorekodiwa kwenye daraja la kwanza kabisa, yaani lazima. Maandishi ya laivu na sauti ya kueleza picha kwa wasioona ikaviweka daraja la pili. Lugha ya ishara ikawekwa la tatu, la juu, ambalo wachache hulifikia. Naelewa sababu ya gharama. Lakini kuna viziwi ambao ishara ndiyo lugha yao ya kwanza na kusoma Kiswahili ni lugha ya pili, na kwao maandishi ni nusu ya njia. Binti wa ami ni mmoja wao. Siwezi kumwambia kwamba lugha yake iko daraja la tatu.

Siri ya mtu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mashine isiambiwe tu mtu ana hali gani, ikamtengenezea? Wazo hilo lilikuwepo. Mwaka 2004 ilitoka sehemu ya 7 ya mtindo uitwao MPEG-21, nayo iliweka namna ya kumweleza mtumiaji kwa seva: simu yake, mtandao wake, mwanga na kelele mahali alipo, hata upungufu wake wa kuona na kusikia. Ulifikiriwa kwa makini, ila haukuenea kama HLS ilivyoenea baadaye.

Mimi sisikitiki sana. Mtoto wa jicho wa bibi ni habari ya bibi. Kuuandika mwili wa mtu kwenye seva ya mbali, kila anapotaka kutazama zefe, ni kumvua stara asiyoombwa kuivua. Njia ya ngazi, pamoja na mapungufu yake, ina heshima moja kubwa: ghala linaweka kila kitu mezani, na simu inachagua kimyakimya mikononi mwa mwenyewe. Aliyechukua maandishi huenda ni kiziwi, huenda ni mama anayemlaza mtoto, huenda ni mtu aliye kwenye mashua ya Mokowe ambaye injini inamzuia kusikia. Seva haijui, na haina haja ya kujua. Mpangilio wa simu, herufi kubwa, kupunguza data, maandishi kuwashwa daima, ukae kwenye simu. Wajibu wa anayerusha ni kuhakikisha kile simu itakachokiomba kipo.

Mwezi wa Ramadhani tulirusha darsa kutoka mtaani kwetu, na safari hii tuliandaa meza. Picha kwa vidato vitatu, cha chini kabisa 240p. Sauti peke yake, kilobiti 24. Maandishi, yakisahihishwa na mwalimu mmoja mstaafu anayekijua Kiamu na sanifu pia. Mkalimani hatukumpata kisiwani. Tulimpata Mombasa, akatusikiliza kwa simu na kujirekodi mbele ya shuka la buluu, na video yake tuliitoa peke yake kwa picha 25 kwa sekunde, mwanga wote tukiuelekeza usoni na mikononi. Shuka lile halikuwa urembo: ukuta usio na maua ni biti chache, na biti zilizobaki zinakwenda kwenye vidole. Binti wa ami alitazama usiku wa kwanza mpaka mwisho, kisha akanitumia ujumbe kuniuliza shehe alikusudia nini kwenye hadithi ya pili. Tulibishana mpaka daku.

Kakangu alisikiliza sauti tu, siku zote. Mpwa wetu alichagua 240p na bando moja likamtosha juma zima.

Bibi tulimwekea njia nyingine, sauti yenye maelezo: mpwa wangu wa kike aliketi karibu na kamera na kipaza chake, akieleza yanayoonekana. Alifanya bidii sana. Ameingia fulani, amekaa kulia, amevaa kanzu ya rangi ya maziwa, watoto wamepanga mistari, buhuri imewashwa. Darsa ilipokwisha vijana wakachukua twari, naye akaendelea kueleza, mkono gani unapiga, nani anayumba. Bibi alinyanyua kiganja kama anayesimamisha chombo.

"Basi, mwanangu," alisema. "Hapa nyamaza, nisikie twari."